Alama ya Mhandisi: Historia Fupi ya Mizani Yetu, kutoka Rubya hadi Kyaka

Tuchukue wanafunzi wawili wa uhandisi wa umeme, wa mwaka mmoja na somo moja. Wa kwanza amepata alama 36 kati ya 40 katika tathmini endelevu, yaani majaribio ya darasani, kazi za nyumbani na ripoti za maabara. Katika mtihani wa mwisho amepata 34 kati ya 60. Wa pili amepata 16 kati ya 40 katika tathmini endelevu, kisha 54 kati ya 60 katika mtihani. Kila mmoja ana jumla ya 70. Kwa mizani inayotumiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa shahada ya kwanza, 70 ni A. Katika karatasi ya matokeo watu hawa wawili hawatofautiani hata kwa nukta.

Je, yupi kati yao ungemkabidhi funguo za kituo cha kupoza umeme cha Kyaka, ambako umeme wa kilovolti 132 uliovuka mpaka kutoka Uganda hupokelewa ili uwashe taa za Bukoba na Muleba? Msomaji mwenye haraka atamchagua wa kwanza, kwa kuwa alifanya vyema maabara. Lakini huenda huyo ndiye aliyenakili ripoti za wenzake, na wa pili ndiye aliyeugua karibu muhula mzima. Ukweli ni kwamba A ile haikuambii. Inakuambia kwamba jumla ilifika 70, basi.

Makala hii inafuatilia jinsi tulivyofika hapo. Hoja yangu ni kwamba tangu mwanzo alama katika nchi yetu imebebeshwa mizigo mitatu kwa mpigo: kupima ujuzi, kugawa nafasi chache, na kuhukumu mwenendo wa mtu. Kila mara tulipotaka kutenda haki katika jambo moja, tuliigusa ileile mizani moja, tukaharibu vipimo vya mambo mengine. Mkoa wa Kagera unaionyesha historia hiyo kwa uwazi kuliko mikoa mingi, na fani ya umeme inaonyesha gharama yake.

Tuanzie Rubya, katika Muleba ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Wapadri Weupe, walianzisha hapo seminari ndogo. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 na kuteuliwa mwaka 1960 kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika. Seminari ya namna ile haikumpima kijana kwa Kilatini na hesabu peke yake. Ilimtazama anavyosali, anavyofanya kazi ya mikono, anavyotii na anavyoishi na wenzake, na aliyefaulu masomo angeweza kurudishwa nyumbani kwa kuonekana hana wito. Mizani ile ilipima mtu mzima. Udhaifu wake ni kwamba hukumu ilikuwa mikononi mwa wachache, na aliyerudishwa kijijini hakuwa na pa kukata rufaa.

Elimu ya juu ilipoanza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, ilikuja na mizani ya aina nyingine kabisa. Chuo kile kilikuwa tawi lenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na shahada iliyotolewa ilikuwa ya London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na kijana wa Kitanzania aliyetaka uhandisi alilazimika kuufuata Nairobi. Mizani hii ilikuwa na sifa moja kubwa: msahihishaji hakujua wewe ni mtoto wa nani. Mtoto wa mkulima wa Kamachumu na mtoto wa mkama walikuwa namba tu juu ya karatasi. Lakini haikuuliza nchi inahitaji nini, wala mikono ya mtahiniwa inaweza kufanya nini. Iliuliza anachokumbuka kwa saa tatu.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Katika waraka wake wa Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba mitihani yetu hupima uwezo wa mtu wa kujifunza mambo na kuyatoa anapotakiwa kwa muda uliowekwa, lakini haipimi uwezo wa kufikiri, na hata kidogo haipimi tabia wala utayari wa kutumikia. Alitaka mitihani ishushwe hadhi. Yaliyofuata ni miaka saba au minane ambayo ndani yake mizani ya taifa ilijengwa upya. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho tayari kilikuwa chuo kinachojitegemea tangu Julai 1970, kilifungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, chenye fani za ujenzi, mitambo na umeme.

Kitivo kile kilizaliwa na wazo ambalo vitivo vingine havikuwa nalo kwa kiwango kilekile: kwamba mwanafunzi hahitimu kwa karatasi peke yake. Mafunzo ya karakana na majuma ya kazi viwandani na katika mashirika yaliwekwa ndani ya mtaala, yawe sehemu ya shahada. Mwanafunzi wa umeme alitakiwa kushika waya, kusoma mita na kufunga mota kabla ya kuitwa mhandisi. Wajerumani walikuwa na mapokeo marefu ya kuunganisha nadharia na karakana, nasi tulikuwa na falsafa ya Kujitegemea. Kwa muda mambo hayo mawili yalipatana.

Kisha likaja Azimio la Musoma. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliamua, pamoja na mambo mengine, kwamba kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita kukome. Kijana alitakiwa kwanza kupitia Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi, na ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Kuanzia mwaka 1976 shule za sekondari nazo zikaanza kuhesabu tathmini endelevu kuwa nusu ya matokeo ya mwisho, na tabia na mwenendo vikaingizwa katika fomu rasmi. Kwa maneno mengine, tulijaribu kuirudisha mizani ya Rubya katika taifa zima: kupima kichwa, mikono na moyo.

Wazo lilikuwa jema, nami si miongoni mwa wanaolicheka. Lakini tujiulize kwa nini halikudumu. Kwanza, mapendekezo ya kazini na ya Chama yalimpa mtu mmoja, katibu au meneja, uwezo wa kufungua na kufunga mlango wa chuo, na hapakuwa na namna ya kuipima hukumu yake. Pili, mwalimu wa sekondari aliambiwa atathmini tabia ya wanafunzi wengi bila muda wala mafunzo, akajaza safu nzima kwa herufi moja. Tatu, waombaji walipungua, hasa wanawake na watu wa sayansi. Haikupita miaka mingi kabla wanawake, kisha waombaji wa fani za sayansi na uhandisi, kuruhusiwa tena kuingia moja kwa moja. Uhandisi, fani ambayo ingefaidika zaidi na uzoefu wa kazi, ikawa miongoni mwa za kwanza kusamehewa sharti la kazi.

Wakati huohuo alama ilipewa mzigo mwingine, na hapa Kagera inaingia katikati ya hadithi. Mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulikuwa na shule nyingi kuliko mikoa mingi kwa sababu ya misheni na fedha ya kahawa. Kilimanjaro ilikuwa hivyo pia. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mafungu ya mikoa na wilaya, ili watoto wa sehemu zilizosahauliwa na ukoloni nao wapate. Maana yake ni kwamba mtoto wa Bukoba au Muleba aliweza kubaki nyumbani kwa alama ambazo zingempeleka sekondari kama angezaliwa mkoa mwingine.

Sisemi kwamba sera ile ilikuwa dhuluma. Nchi changa isiyo na shule za kutosha ilikuwa na wajibu wa kuzuia mikoa miwili mitatu isitawale ofisi zote. Ninachosema ni kwamba alama iliacha kuwa habari ya ujuzi na ikawa tiketi, na thamani ya tiketi ilitegemea kituo ulichopandia. Watu wa Kagera waliielewa lugha hiyo upesi. Ni wakulima ambao mwaka 1937 walipinga hadharani kanuni za kikoloni kuhusu kahawa yao, na wamezoea kuuliza nani ameshika mizani. Jibu lao safari hii halikuwa ghasia. Wazazi na makanisa walichanga na kujenga shule binafsi za sekondari, na kufikia miaka ya 1980 Kagera na Kilimanjaro zilikuwa mstari wa mbele nchini kwa shule za namna hiyo. Waliopunguziwa nafasi hawakudai alama ziongezwe, bali walijenga madarasa. Funzo hilo nitalirudia mwishoni.

Shule, hata hivyo, si madarasa tu. Shule nyingi nchini zilikuwa na ubao bila maabara, na kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilikuwa na karatasi maalumu kwa shule hizo, mtihani mbadala wa vitendo. Mtahiniwa wa fizikia aliandika maelezo ya jaribio ambalo hakuwahi kulifanya, kwa vifaa alivyoviona kwenye picha, na alama yake ikaingia pamoja na ya mwenzake aliyefanya kwa mikono. Karatasi ile ilifutwa, na serikali ya awamu ya nne ikaagiza kila shule ya kata ijengewe maabara tatu: za fizikia, kemia na baiolojia. Majengo mengi yalisimama, lakini vifaa na walimu havikufuata kwa kasi ileile. Hivyo ndivyo kijana anavyoweza kutoka kando ya ziwa, Muleba, akiwa na ufaulu mzuri wa fizikia, akafika mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme na kushika multimita kwa mara ya kwanza siku ambayo ripoti yake inahesabiwa alama.

Mwezi Februari 2013 mizani ilionekana kuvunjika mbele ya macho ya taifa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na ufaulu ukapanda bila mwanafunzi hata mmoja kujifunza neno jipya. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatangazwa mizani nyingine: A ianzie 75, D iwe 30 hadi 39, E 20 hadi 29, na alama 40 kati ya 100 zitoke katika tathmini endelevu. Ukazuka mjadala mkali juu ya daraja la tano. Kisha yakaja matokeo kwa wastani wa pointi badala ya madaraja, na mwaka 2016 tukaambiwa turudi kwenye madaraja. Waliosoma sekondari katika miaka ile wana vyeti vya lugha tatu tofauti, na mwajiri mmoja anatakiwa kuvisoma vyote.

Narudi sasa kwa wanafunzi wetu wawili. Chuo kikuu hakikukumbwa na misukosuko ile ya sekondari, na mizani yake inajulikana. Kuanzia 70 ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C, na chini ya hapo mwanafunzi ana sapu au balaa zaidi. Herufi hizo hugeuzwa pointi na kupatiwa wastani: 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 daraja la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ufaulu wa kawaida. Anayeshuka chini ya 2.0 hukaribia kile wanafunzi wanachokiita disko, na hapo si masomo tu yanayokatika, hata mkopo hukatika. Kwa upande wa juu, mwenye 3.8 anaweza kuomba kazi ya mhadhiri msaidizi mwanafunzi, na mwenye 3.7 hawezi, hata kama ndiye aliyekuwa akiwaelekeza wenzake jenereta ilipokataa kuwaka.

Tazama mzigo uliowekwa juu ya nukta moja. Ndiyo inayopima ujuzi, inayogawa ajira, na inayohukumu bidii ya mtu, kwa kuwa tunaamini mwenye 2.9 alikuwa mvivu. Mwanafunzi anayejua hivyo hufanya hesabu ya busara: husoma mitihani ya miaka iliyopita, kwa sababu alama 60 ziko huko. Mhadhiri mwenye darasa kubwa na maabara ndogo naye ana hesabu yake: huwapanga watu wengi kwenye meza moja, mmoja ashike vifaa na waliobaki waandike, kisha asahihishe ripoti zinazofanana. Mafunzo ya vitendo viwandani, ambayo mwaka 1973 yalikuwa fahari ya Kitivo, leo mara nyingi huishia katika daftari lililogongwa muhuri. Hakuna aliyepanga udanganyifu. Kila mmoja anafuata mahali mizani inapoelemea.

Dalili kwamba taaluma yenyewe haiiamini alama hiyo iko wazi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimsajili mtu kuwa mhandisi mtaalamu kwa cheti peke yake. Mhitimu hufanya kazi chini ya usimamizi, na tangu mwaka 2003 Bodi ina mpango wa miaka 3 wa kuwalea wahitimu kazini. Tafakari jambo hilo. Musoma ilidai kazi kabla ya shahada, tukaiacha. Sasa tunaidai baada ya shahada. Kagera tuna neno kwa biashara ya kuuza kahawa ikiwa ingali mtini, haijaiva: butura. Anayeuza butura hupata fedha mapema, lakini hasara humfuata wakati wa mavuno. Shahada inayotolewa kabla ujuzi haujaiva ni butura ya elimu, na miaka ile 3 ni gharama ya kuisubiri iive.

Kwa nini haya yawahusu watu wa Bukoba na Muleba leo? Kwa miaka mingi mkoa huu umekuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea njia ya kutoka Masaka kupitia Kyaka. Sasa mtambo wa Rusumo wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, umejengwa Ngara, na njia ya kilovolti 220 ya kutoka Benaco hadi Kyaka imepangwa ili kuuingiza mkoa katika gridi. Kazi hizo zinahitaji wahandisi watakaokaa huku. Aidha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Bukoba kupitia mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa elimu ya juu nchini. Kampasi hiyo ifundishe umeme au isifundishe, itakuja na mizani, na huu ndio wakati wa kuuliza ni mizani gani.

Mkoa huu una sababu zake za kuuliza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, yenye uwezo wa kubeba abiria 430, ilizama ikikaribia Mwanza ikiwa imetoka Bukoba na Kemondo, na ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Siwalaumu wahitimu wa chuo chochote kwa misiba hiyo. Naikumbusha kwa sababu moja: maji na ardhi havitoi C. Umeme nao haujui kwamba 40 ni alama ya kufaulu.

Ninapendekeza mambo matatu, na yote yametokana na historia tuliyoipitia. La kwanza, maabara na karakana zihesabiwe peke yake, na mwanafunzi asifaulu somo kwa kufidia udhaifu wa mikono kwa wingi wa maandishi, wala udhaifu wa nadharia kwa wingi wa ripoti. Wanafunzi wetu wawili wangeonekana tofauti siku ileile. La pili, vitendo vipimwe kwa mwanafunzi kusimama mbele ya kifaa na kuulizwa, na mtahini wa nje, ambaye tayari tunamwita kukagua karatasi, akague hilo pia. Hapo tutapata kilicho chema katika Rubya bila kurudisha hukumu ya mtu mmoja aliyejificha. La tatu, haki kwa kijana aliyetoka shule isiyo na vifaa itendeke kabla ya alama. Apewe muhula wa kujenga mikono, usiohesabiwa, karakana ikiwa wazi jioni. Wazazi wa Kagera walituonyesha njia katika miaka ya 1980: anayenyimwa nafasi ajengewe darasa. Ukimwongezea alama, unamwachia mtu mwingine deni alilipe mbele ya safari.

Atakayelilipa deni hilo tunamjua. Ni fundi wa zamu atakayeambiwa kwa simu kwamba laini imezimwa, akapanda nguzo Muleba usiku wa mvua, akimwamini aliyesema.